Mikwaju Aliyoifagia Damaris

Haya nitakayokusimulia usipoyaamini sitakulaumu. Nimeyasimulia Rangwe watu wakacheka, nimeyasimulia Uriri wakaniambia nipunguze chang'aa, na mimi chang'aa niliacha tangu mwaka wa pili wa korona. Ni hivi: ng'ombe mmoja mweusi, mwenye miguu minne kama ng'ombe wengine, alikwama ndani ya kompyuta tangu asubuhi hadi mchana. Aliyemkwamisha ni mtoto wa dada yangu, mwanamke anayeandika majina ya watu vizuri kuliko karani yeyote kutoka Migori hadi Homa Bay.

Jina lake ni Damaris Nyang'or. Ukitaka ugomvi naye, andika Nyangor.

Usidhani ni maringo. Cheti chake cha kidato cha nne kilitoka bila ile alama ndogo inayokaa juu baada ya ng. Kitambulisho kilikuwa nayo, cheti hakikuwa nayo. Chuo kikamwambia, "Hawa ni watu wawili, tuletee mmoja." Akazunguka ofisi mwaka mmoja na miezi miwili kuthibitisha kwamba yeye ni yeye, na alipomaliza, nafasi yake ilikuwa imekaliwa na mtu mwingine. Mimi mwenyewe nilimpeleka Nairobi mara tatu kwa ajili ya jambo hilo. Sawa, mara moja, na nililala kwenye benchi huko nje wakati yeye anapanga foleni. Lakini nilienda.

Mwalimu wake wa Kiswahili aliiita alama hiyo ritifaa. Mimi shule niliiacha darasa la saba, na siku hizo ritifaa ilikuwa bado haijafika kwetu. Tuliiita kikoma cha juu. Damaris alinifundisha. "Nera," huwa ananiita hivyo, ndiyo mjomba wangu kwa Kijaluo, "ondoa ritifaa kwenye ng'ombe uone kama atatembea."

Hakwenda chuo. Akawa karani wa chama cha wafugaji hapo Uriri, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo, meza moja, kalenda ya miaka miwili iliyopita. Kazi ya chama ni kusajili ng'ombe. Jina la mwenyewe, jina la ng'ombe, rangi, pembe zimekaaje, na namba ya mwanachama ambayo ng'ombe huchomwa kwenye paja. Akiibiwa leo akaonekana mbali, unasoma paja, unaangalia rejista, unajua ni wa nani. Kwanza waliandika kwenye madaftari, panya wakafanya kazi yao. Miaka sita iliyopita chama kikapata kompyuta.

Mzee akija kusajili, Damaris anamwambia, "Sema jina."

"Ong'udi."

"Sema tena."

"Msichana, wewe ni kiziwi?"

"Hapana, baba. Nataka kulisikia vizuri ndipo niliandike."

Miaka kumi na miwili anafanya hivyo. Wengine walimcheka, lakini nimeona wazee wakiinama kwenye kioo kutazama jina lao limekaa sawasawa, wanatoka pale wakitembea kama wametoka kuoa.

Sasa, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi alikuwa anatoa nakala ya akiba ya rejista yote, faili moja, anaiweka kwenye flashi, flashi ndani ya mkebe wa majani ya chai. Hata mwizi angeiba mashine, ng'ombe wetu wangebaki kwenye mkebe. Mwaka jana mwezi wa tatu akaenda mafunzo Homa Bay kwa bwana mmoja anayeitwa Omwenga, ambaye ndiye aliyewawekea ile programu. Omwenga akawaambia kwamba nakala ambayo hujawahi kuijaribu si nakala, ni matumaini. Alikuwa na maana ya kuirudisha kwenye mashine nyingine uone kama inasimama. Damaris alielewa kivyake: akarudi Uriri, akalifungua faili kwa programu ya kuandikia barua, alisome.

Nilikuwepo siku hiyo. Majina yalijaa kioo kama siafu, kila jina limefungiwa ndani ya vialama viwili, kimoja mbele kimoja nyuma. Lakini kwenye majina yenye ritifaa kulikuwa na kitu kingine. Mkwaju. Ile fimbo ya kuegemea, tena hii iliegemea nyuma kama mlevi. Ang\'awa. Ong\'udi. Nyang\'or mwenyewe amepigwa mkwaju katikati.

"Nera, ona!" Akagonga kioo kwa kucha. "Mashine inachafua majina ya watu."

Na kulikuwa na mtu mmoja, simtaji jina, amekaa hapo na kikombe cha chai ya bure, aliyemwambia, "Huo ni uchafu. Fagia."

Akafagia. Kuna amri ya kutafuta kitu na kukiondoa kila mahali kwa mpigo mmoja. Aligusa mara moja, mikwaju yote ikatoweka. Akahifadhi juu ya ile ile. Kisha akatoa nakala za miezi ya nyuma kutoka kwenye mkebe, moja moja, akazifagia nazo. Tangu siku hiyo kila mwezi alitoa nakala, akaifagia, akailaza kwenye mkebe ikiwa safi. Miezi kumi na minne. Alikuwa anafanya hivyo akiimba.

Mwaka huu mwezi wa tano, mvua inanyesha, stima ikapotea Uriri siku nzima. Iliporudi ilirudi na hasira. Kompyuta ikatoa moshi mwembamba ikanyamaza. Kamati ikaja mbio, na Damaris akawaambia kidevu kikiwa juu, "Msihangaike. Nakala ninazo."

Kesho yake, Jumanne, simu ikapigwa kutoka Rangwe. Ng'ombe mweusi mwenye namba 37 kwenye paja ameonekana huko. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo, Nashon, alimnunua mnadani Kosele kwa haki yake, ana karatasi ya muuzaji. Lakini mtu mmoja alitambua alama ya chama. Sajini Werema wa kituo kidogo cha polisi akamfunga ng'ombe uani, akasema neno moja: Alhamisi saa nane mchana. Rejista ikifika ikionyesha 37 ni nani, ng'ombe anarudi kwa mwenyewe. Isipofika, Nashon ataondoka naye, kwa sababu karatasi ni karatasi.

Namba 37 sisi wote tulijua ni nani kwa mdomo. Milka Ang'awa, mjane, ng'ombe mmoja tu duniani, ameachiwa na marehemu, na huyo ng'ombe aliibiwa akiwa na mimba. Kadi yake ya chama ililiwa na mchwa. Lakini sajini hachukui mdomo.

Jumatano Damaris akaazima kompyuta, akajaribu kurudisha nakala peke yake, mlango amefunga. Nilipomuuliza akasema, "Inaendelea vizuri." Alikuwa na macho ya mtu aliyelamba pilipili. Hakumwambia mtu.

Alhamisi saa tatu asubuhi tulikuwa Rangwe, Damaris, Mama Milka na mimi, kwenye duka la Ahmednur linalouza simu na kutengeneza kompyuta. Fundi ni mpwa wake Sumeya, msichana aliyetoka Garissa miezi mitatu tu iliyopita, mpole, vidole vyepesi. Alichukua flashi, na kabla ya yote akanakili faili mahali pengine.

"Kwa nini unanakili nakala?" nikamuuliza.

"Mzee, ukiwa na yai moja, hulijaribu kwa kulipasua."

Lilikuwa jibu zuri, hata mimi ningelisema.

Kikwazo cha kwanza alikitatua kabla ya chai kupoa. Faili lilikataa kuingia kwa sababu Damaris jana yake hakuwa ameunda rejista tupu ya kulipokea. Lilikuwa limeambiwa liingie nyumba ambayo haijajengwa. Sumeya akajenga nyumba. Akaliingiza tena. Mashine ikafikiri kidogo, ikakataa. Ikaandika maneno mekundu, na mwisho wa maneno hayo, mahali ilipokwama, ikaandika: udi.

Sumeya akavuta kiti karibu. "Udi? Nani ameweka udi kwenye rejista ya ng'ombe?"

Nilicheka peke yangu. Damaris hakucheka.

"Ng'ombe wangapi wameingia?" aliuliza.

"Hakuna."

"Hata wa kwanza?"

"Wanaingia kwa kundi, dada. Mmoja akikwama mlangoni wote wanabaki nje." Sumeya akafungua faili akatafuta, akaona. "Aa. Si udi. Ni Ong'udi. Mashine inajua jina limeisha ikiona hiki kialama. Sasa imeona Ong, ikaona kialama, ikadhani jina limekwisha. Udi imebaki barabarani haina mwenyewe. Lakini hii haiwezekani, kwa sababu programu huwa inaweka mkwaju mbele ya ritifaa ya jina, kuiambia: usisimame, hii ni sehemu ya mtu. Hapa hakuna mkwaju hata mmoja." Akageuka. "Kuna mtu alilifungua hili faili akaligusa?"

Damaris alikuwa ameshika kifuniko cha flashi ndani ya ngumi. "Hapana," akasema.

Sumeya akanitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama feni ya Ahmednur. Ni feni nzuri sana.

"Basi programu yenu ni mbovu," Sumeya akasema. Akaomba namba ya Omwenga, akampigia, akaweka simu juu ya meza tusikie.

"Programu yako inatoa nakala bila kulinda majina," Sumeya akamwambia. "Watu elfu moja na zaidi wamepotea. Wewe ni fundi wa aina gani?"

"Haiwezi," sauti ya Omwenga ilisema. "Dada, naapa. Nimeijaribu mwenyewe, na mke wangu ni Nyaong'o, unafikiri ningesahau ritifaa?"

"Ndiyo hii hapa mbele yangu."

"Basi... basi sijui. Niwieni radhi. Nitakuja Jumamosi niangalie, sitawatoza kitu."

Mtu mzima anaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, na waliolifanya wamekaa hapo wawili wanasikiliza. Nikahisi masikio yangu yanawaka. Damaris aliinamisha kichwa hadi nikaona mstari wa nywele zake.

Sumeya akaanza kupakua toleo la zamani la programu, labda hilo litavumilia. Mtandao wa siku hiyo ulikuwa unatambaa. Ikafika saa tano. Ikafika saa sita. Toleo la zamani likaingia, likajaribiwa, likakwama pale pale kwenye udi. Na Sumeya, msichana wa watu, akamwambia Damaris, "Nisamehe dada, nimekupotezea asubuhi nzima."

Mama Milka hakuwa anaelewa mambo ya mashine. Aliona tu kwamba Damaris hana furaha. Akasogeza benchi, akamshika goti.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "usijilaumu. Hata wakimchukua, mimi sitasahau. Mzee wangu alipokufa, kila karatasi walimwandika Angawa. Hospitali Angawa, msalabani Angawa, mpaka nikauliza, je, nimezika mtu mwingine? Ni kwako peke yako nilimkuta ameandikwa Ang'awa. Wewe hukuwahi kutuharibia jina."

Nimewahi kuona watu wakipigwa. Niliona mtu akipigwa mnadani Kosele kwa kuuza fahali kipofu. Hakuna aliyekunja uso kama Damaris alivyokunja kwa maneno hayo mazuri.

Akasimama. "Sumeya, mpigie Omwenga tena, umwombe radhi kwa ajili yangu. Mikwaju niliiondoa mimi."

Ahmednur, ambaye alikuwa anamwonyesha mteja simu, akaiweka chini.

"Lini?" Sumeya akauliza.

"Kila mwezi. Na za zamani zote. Niliona majina yamechafuliwa nikayasafisha. Na ulipouliza nikasema uongo, kwa sababu..." Hakumaliza. Akamgeukia Mama Milka akamwambia yote kwa Kijaluo, polepole, asije akajificha nyuma ya Kiswahili. Alipomaliza mama yule alimkazia macho.

"Kwa hiyo ulinifuta?"

"Nilitaka kukupangusa, mama."

"Ukanifuta."

"Nilikufuta."

Mama Milka akarudisha benchi lake mahali lilipokuwa. Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba yule wa kikombe cha chai alikuwa mimi. Badala yake nikarudi kutazama feni.

Sumeya hakugombana na mtu. "Ungeniambia saa tatu, saa nne tungekuwa tunakunywa chai," akasema tu, na vidole vikarudi kazini. Huwezi kuweka mkwaju mbele ya kila kialama, alieleza, kwa sababu vile vya kufungia jina navyo vinafanana na ritifaa. Ungezifunga nyumba zote milango. Akaiambia mashine itafute ng na kialama halafu herufi, kwa sababu kama kuna herufi baada yake, basi jina bado linaendelea. Hapo tu, weka mkwaju. Mikwaju ikarudi, mamia kwa mamia. Akaliingiza faili. Likakwama kwa mtu aliyeandikwa kwa herufi kubwa, NG'ONG'A. Akarekebisha na herufi kubwa. Akaliingiza tena. Ong'udi akapita. Wengine wakapita. Saa saba na robo, likakwama tena, na safari hii mashine ikalalamikia neno: mweusi.

"Mweusi amekosa nini?" Sumeya akasema. Akalitazama neno, halina kasoro. Akalifuta akaliandika upya. Mashine ikakataa. Mweusi. Akaangalia koma, akaangalia mabano. Mweusi.

"Labda mashine ina ubaguzi," nikasema. Hakuna aliyecheka, na kweli haikuwa siku ya kucheka.

"Huo ni mstari wa nani?" Damaris akauliza.

Hapa ndipo watu wa Rangwe huniambia mzee, sasa umezidisha. Mstari ulikuwa wa thelathini na saba. Sumeya akausoma kwa sauti, "Milka Ang'awa, ng'ombe anaitwa Rateng, mweusi..."

"Nani?" Mama Milka akainua kichwa.

"Rateng."

"Huyo simjui. Wangu ni Rateng'." Akalivuta neno puani linapokaa. Rateng' kwetu ni yule mweusi. "Hata ukimwita Rateng hatageuka, atafikiri unaongea na jirani."

"Rateng," Sumeya akajaribu.

"Rateng'! Ng'! Kama unaanza kusema ng'ombe halafu umefungwa mdomo."

Damaris alikuwa ameshafika kwenye kioo, kidole juu ya neno. "Ritifaa iko mwisho! Haifuatwi na herufi. Inafuatwa na kile cha kufungia. Viko viwili pamoja, mashine imeviona ikadhani jina linaendelea, ikaruka mlango wa kweli, ikaja kugonga kichwa kwenye mweusi. Kosa halipo inapolia, liko nyuma yake."

Sumeya akamtazama kidogo, kisha akatafuta ng zenye vialama viwili mwishoni. Walikuwa ng'ombe weusi thelathini na wanne, wote wanaitwa Rateng', kwa maana watu wa Uriri hawana ubunifu. Akawapa kila mmoja mkwaju wake. Akabonyeza. Mashine ikafikiri, ikafikiri, na sisi wote tukaacha kupumua, hata mteja wa Ahmednur. Ikaandika kwamba imemaliza. Damaris akaomba ihesabu. Elfu moja mia tisa na kumi na sita. Sawasawa na alivyoandika kwenye daftari lake siku ya mwisho.

Hakushangilia. Alisoma mstari wa 37 mara mbili, kama anavyowaambia wazee waseme mara mbili, kisha akaomba uchapishwe.

Saa nane kasoro dakika saba tulikuwa kwenye kituo. Werema ni Mkuria, ng'ombe anawajua kuliko watoto wake. Alichukua karatasi, akazunguka ng'ombe, akasoma paja, akatazama pembe ya kulia iliyopinda kuelekea sikio kama karatasi ilivyosema. Mama Milka akaita jina mara moja, kwa pua, na ng'ombe akageuza shingo. Nashon akavua kofia, akasema atamtafuta aliyemuuzia. Sajini akafungua kamba.

"Madam," akamwambia Damaris, "nimemkalia mtu na mali yake siku mbili. Rejista yenu ilichelewa kwa nini?"

Angeweza kusema stima, na isingekuwa uongo. Nilimwombea aseme stima.

"Stima iliua mashine," Damaris akasema, "lakini nakala niliziharibu mimi kwa mikono yangu, miezi kumi na minne, nikijisifu. Na leo asubuhi nilipoulizwa nilikana, mtu mwingine akalaumiwa. Kama huyu mama angempoteza ng'ombe, lingekuwa kosa langu. Nitawaambia wanachama hivyo hivyo Jumamosi."

Mama Milka alikuwa ameshika kamba, hamtazami. Kisha akamnyoshea ncha ya kamba amsaidie kushika.

Na hapo ndipo mimi, ambaye moyo wangu ni wa simba, sikuvumilia tena. Watu walikuwa wamejaa pale uani, umati mzima wa soko la Rangwe, wengine wamepanda ua waone, nami nikapasua katikati yao, nikavua koti, nikasema kwa sauti iliyosikika mpaka Kosele, "Sajini, huyu mtoto msimguse, aliyemwambia afagie ni mimi, kwa hiyo nifungeni mi—"

"Nera." Damaris amefika nyuma yangu na kikombe cha chai, anasoma haya ninayoyaandika. "Umati gani? Tulikuwa watano na ng'ombe. Na wewe ulikuwa umechuchumaa upande wa pili wa Rateng', mimi nilikuwa naona viatu tu."